Presha kuka ya umeme ya lita 6: kwa maharage haina mpinzani, ila chunga uniti ya 76

Presha kuka za umeme zimejaa madukani Kariakoo, na neno la wauzaji ni moja: inaokoa. Inaokoa kweli, lakini si kwa kila chakula wala si kwa kila mita. Nyumba mbili jirani zinaweza kununua presha kuka za aina moja, zikapika maharage yale yale, na mwisho wa mwezi moja ikawa imepunguza matumizi na nyingine imeyapandisha, bila mtu kukosea chochote jikoni. Tofauti iko kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, na daraja la bei uliyopangiwa.

Inayozungumziwa hapa ni ile ya kawaida: lita 6, wati 1,000, sufuria ya ndani inayotoka, mfuniko wa kuzungusha, na vitufe vya "beans", "meat", "rice" na kadhalika. Chapa ni nyingi, ila kwa ndani zinafanana sana, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yatakufaa hata kama yako ina jina jingine. Kwa matumizi ya familia ya watu wanne hadi sita naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja iliyopungua utaijua mbele.

Kwanza jinsi inavyofanya kazi, maana malalamiko mengi ya "imeharibika" yanaanzia hapa. Ukiweka dakika 20, hazianzi kuhesabiwa palepale. Jiko linachemsha kwanza, mvuke unajaa, pini ndogo kwenye mfuniko inapanda na kuziba, presha inafika, ndipo saa inaanza. Sufuria ikiwa na lita 3 za vitu, hatua hiyo peke yake inachukua dakika 20 hivi. Ndani joto linafika kama nyuzi 115, wakati sufuria ya kawaida haivuki 100 hata ukoleze moto namna gani. Nyuzi hizo 15 ndizo zinazolainisha maharage kwa muda mfupi. Na presha ikishafika, jiko linawaka na kuzima, linawaka na kuzima, kwa sababu kuta zake zinatunza joto. Sehemu kubwa ya umeme inaliwa mwanzoni, kwenye kuchemsha. Ndiyo maana kupika dakika 20 au 40 hakutofautiani sana kwa uniti, ila kuweka maji lita 2 au lita 3 kunatofautiana.

Sasa hesabu. Maharage na maji yake, jumla lita 3, inakula karibu nusu uniti. Bei ya T1, daraja la wateja wengi wa kawaida, ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika 356. Kwa hiyo sufuria moja ya maharage ni shilingi 178. Kwa mwenye D1, daraja la nyumba zinazotumia umeme kidogo, uniti ni 100, na ukijumlisha makato yote inafika 122. Sufuria ile ile ni shilingi 61.

Linganisha na mkaa. Maharage makavu kwenye jiko la kawaida yanataka saa mbili au zaidi, na mkaa wa kilo moja na kitu. Bei ya mkaa inategemea mtaa na msimu, masika ikipanda, kwa hiyo weka ya kwenu. Kama mkaa unaoivisha maharage peke yake ni wa shilingi 1,500, kila sufuria inakuachia 1,322 ukiwa T1. Nyumba inayopika vyakula vigumu mara sita kwa wiki (maharage, makande, nyama, utumbo) inafikisha mara 26 kwa mwezi, yaani kama 34,000. Presha kuka ya 150,000 inarudisha pesa yake ndani ya miezi mitano.

Kwa gesi faida ni ndogo zaidi. Maharage kwenye gesi, moto mdogo na mfuniko juu, yanakula gramu 150 hadi 200. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, kilo moja ni 4,000, hivyo sufuria ni 600 hadi 800. Ukichukua 700, unaokoa kama 520 kwa kila mpiko, na jiko linajilipa baada ya miezi 11. Bado inalipa, ila anayekwambia utarudisha hela ndani ya mwezi mmoja ana lake.

Hapo ndipo wengi wanaishia, na hapo ndipo hesabu inapoanza kumgeuka mwenye D1.

D1 ni ya nyumba ambazo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 na kuendelea ndani ya mwezi huo haiuzwi tena kwa 122. Inakuwa 350, na makato yake inafika 427. Na wastani wako ukiendelea kuzidi 75, unahamishiwa T1, ambako uniti zote, kuanzia ya kwanza, ni 356. Hii habari muuzaji wa presha kuka hakupi, na pengine haijui.

Tuchukue nyumba yenye D1 inayotumia uniti 60: taa, TV, friji ndogo, simu, feni. Inalipa 7,320 kwa mwezi. Ikiongeza presha kuka kwa vyakula vigumu tu, zile mara 26, ni uniti 13. Jumla 73. Bado iko ndani, na kupika kote huko kumeigharimu shilingi 1,586 kwa mwezi. Hakuna nishati nyingine mjini inayokaribia bei hiyo.

Lakini chombo kikishazoeleka kinaanza kupikiwa kila kitu. Wali humo, mchuzi humo, viazi vya asubuhi humo, maji ya chai humo. Uniti 1.2 kwa siku si ajabu, na kwa mwezi ni 36. Jumla sasa ni 96. Mwezi wa kwanza utalipa 75 kwa 122, yaani 9,150, na 21 kwa 427, yaani 8,967. Jumla 18,117. Inauma kidogo, lakini si msiba. Msiba ni ukihamishwa: 96 mara 356 ni 34,176. Kutoka 7,320 ni nyongeza ya 26,856, kwa sababu hata taa na friji zimepandishwa bei pamoja na jiko. Ukigawa kwa zile uniti 36 ulizopikia, kila moja imekutoka kwa shilingi 746. Kwa nyongeza hiyo ya 26,856 ungejaza mtungi mdogo wa gesi na chenji ikabaki.

Kwa hiyo mwenye D1 aiheshimu presha kuka kama chombo cha vyakula vigumu na aache mengine kwenye gesi. Mwenye T1 hana mtego huo. Yeye uniti ni 356 iwe ya kwanza au ya mia, na uniti 36 za kupikia ni 12,816 kwa mwezi. Huyo apike humo kila kinachopikika.

Nyumba za kupanga zenye mita moja na wapangaji watano nazo nyingi ni T1, kwa kuwa jumla yao ni rahisi kuzidi 75. Pale shida si bei, ni maneno. Mpangaji akileta presha kuka, wenzake wanaona wati 1,000 zimeandikwa pembeni na wanadai achange mara mbili. Jibu liko kwenye mita: maharage ni nusu uniti, na pasi ya wati 1,000 ikinyoosha nguo nusu saa inafika karibu na hapo, ingawa pasi huwa haimpeleki mtu kwa mwenye nyumba. Kama kuna sabu mita, yaani mita ndogo ya kila mpangaji, mjadala haupo.

Kupima mwenyewe ni rahisi. Zima friji na vifaa vingine vikubwa, soma uniti zilizobaki pamoja na desimali zake, pika, soma tena kabla hujawasha chochote. Usipime kwa kuangalia ulinunua za shilingi ngapi na zimeisha lini. Ununuzi wa kwanza wa mwezi unakatwa kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na watu wengi wanaisingizia presha kuka hiyo 1,500 kwa sababu tu waliinunua mwezi huo.

Upande wa mapishi, vitufe vya majina visikutawale. Kitufe cha "beans" ni dakika zilizopangwa kiwandani na mtu asiyejua maharage yako yamekaa ghalani muda gani. Tumia sehemu ya kuweka dakika mwenyewe. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, dakika 15 hadi 20; makavu, 40 hadi 50. Ya njano yanawahi, hivyo anza na kiwango cha chini. Makande ya mahindi yaliyokobolewa, dakika 45 hadi 60, na mahindi yalowekwe. Nyama ya ng'ombe ya mchanganyiko 25 hadi 35, utumbo 40, kongoro saa nzima. Kuku wa kienyeji 30 hadi 40 kulingana na umri wake. Wa kisasa 10 tu, ukizidisha unapata nyuzi na mifupa. Ndizi mbichi 8.

Watu wa Mbeya na Njombe wanafaidi zaidi kuliko wa Dar es Salaam. Huko juu maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanatesa mkaa wa watu tangu asubuhi. Presha inafuta sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ongeza tu kama sehemu moja ya tano hadi robo ya dakika nilizotaja.

Maji ndiyo eneo la kubana. Jiko hili halivukizi kama sufuria, kwa hiyo ukiweka maji ya kipimo cha mkaa utapata supu. Maharage yaliyolowekwa yanataka maji yanayoyafunika na kuzidi kwa upana wa vidole viwili. Kila lita moja ya ziada inakula sehemu moja ya kumi ya uniti kuichemsha tu, halafu unaanza kuikausha kwa umeme mwingine. Usivuke nusu ya sufuria kwa maharage na choroko, kwa sababu ya povu. Kwa nyama unaweza kufika theluthi mbili. Kijiko cha mafuta kinapunguza povu. Nyanya na ndimu zisiingie mpaka maharage yalainike, kwani uchachu unayafanya yagome. Magadi hayana kazi humu. Na yakigoma baada ya dakika 50 bila uchachu wowote, mara nyingi kosa si la jiko, ni maharage ya zamani.

Akiba nyingine ipo baada ya saa kulia. Usiachie mvuke. Acha presha ishuke yenyewe dakika 15 hadi 20, na muda wote huo chakula kinaendelea kuiva bila umeme. Ukizoea hilo unaweza kuweka dakika 30 badala ya 40. Kufungua vali haraka ukiwa na maharage kuna adhabu yake pia: povu linarushwa na mvuke hadi ukutani, na maganda yanaziba tundu la vali. Na chemsha robo tatu ya kilo kwa mkupuo, gawa mara tatu, weka kwenye friji, uwe unaunga kidogo kidogo. Kuchemsha robo kilo mara tatu ni kulipia joto la sufuria mara tatu.

Haiwezi kila kitu. Ugali hapana: huwezi kuusonga kwenye sufuria inayozunguka ndani ya kasha, na mwiko utaikwangua. Chapati hapana. Tui zito la nazi likiingia mwanzoni linakatika na kushika chini. Liweke mwishoni, mfuniko ukiwa wazi. Rosti nzito ya nyanya nayo inashika chini, jiko linahisi joto limezidi na kujizima kabla presha haijafika, na mtu anadhani ni ubovu. Maji ya chai birika la umeme linachemsha haraka zaidi. Wali unatoka vizuri, kikombe cha mchele kwa kikombe na robo cha maji, dakika 8, ila kwa mwenye gesi nafuu yake ni ndogo mno kuihesabu. Kwa hiyo usiuze mtungi wako wa gesi. Hiyo ndiyo nyota niliyoiondoa: inatangazwa kama jiko zima, kumbe ni nusu ya jiko.

Wizi wa kimyakimya ni ile "keep warm". Saa ikiisha jiko linahamia lenyewe kwenye kutunza joto, likila kama wati 50. Likiachwa hivyo toka saa nne usiku hadi alfajiri ni uniti 0.4, karibu sawa na maharage yenyewe. Chomoa. Chakula kinabaki na joto saa mbili na zaidi mfuniko usipofunguliwa.

Umeme ukikatika katikati usikimbilie kufungua. Kama pini ilishapanda, acha hivyo hivyo nusu saa, mara nyingi utakuta kimeiva au kimebakiza kidogo. Nyingi za vitufe hazikumbuki zilipoishia, kwa hiyo umeme ukirudi unaziset upya. Ukilala ukidhani inaendelea, asubuhi unakuta maharage yamechacha. Umeme mdogo hauharibu jiko. Ukishuka hadi volti 180, wati 1,000 zinakuwa 600 na kitu, muda wa kuchemka unarefuka, uniti zinabaki karibu zile zile.

Plagi ichomeke ukutani. Wati 1,000 ni ampea 4 na kidogo, soketi nzima haioni shida, lakini ekstensheni za bei rahisi zina waya mwembamba na meno yaliyolegea. Ukiigusa ikiwa na joto baada ya dakika kumi, iache. Adapta ya miguu miwili inaondoa waya wa ardhi, na hiki ni chombo cha bati chenye maji ndani.

Matatizo ya kawaida ni matatu. Mvuke unavuja pembeni na pini haipandi: raba ya mfuniko imelegea, imekaa vibaya au ina punje ya wali chini yake. Itoe, ioshe, irudishe ikae sawa kote. Pini haipandi na pembeni hakuvuji: vali imeziba au imeachwa kwenye "kuachia". Sauti ya kupasukapasuka chini jiko linapowaka: sufuria ya ndani imewekwa ikiwa na maji kwa nje. Futa sufuria na bamba la joto kila mara, maana punje moja ikikwama hapo sufuria haigusi vizuri kitambuzi cha joto, na jiko linaanza kuzima ovyo. Kasha lisizamishwe majini kamwe. Mfuniko ukigoma kufunguka, presha bado ipo, subiri, usiulazimishe.

Dukani omba ijaribiwe kwa maji. Lita moja, dakika 5 za presha. Simama hapo uone pini inapanda, mvuke hautoki pembezoni, na saa inaanza kushuka. Duka lenye nia njema halikatai jaribio la nusu saa. Angalia kibandiko: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati, na alama ya TBS. Plagi iwe ya miguu mitatu ya hapa kwetu. Inua sufuria ya ndani kwa mkono mmoja. Nyepesi kama kopo itajikunja na rangi yake itabanduka mapema. Ukipata ya chuma cha pua, ichukue hata kwa kuongeza hela, ila ujue inashikisha wali zaidi.

Kabla ya kulipa uliza raba ya akiba. Inachoka baada ya mwaka mmoja au miwili ya kupikiwa kila siku, na lita 5 na lita 6 nyingi zinatumia ya sentimita 22. Ukienda kuitafuta baadaye beba ile ya zamani mkononi uilinganishe unene, maana upana ukilingana na unene ukakataa, mvuke utakuaga palepale.